NASA Walitengeneza Kengele ya Kuokoa Watoto Ndani ya Magari. Hakuna Aliyeitaka.

Kila habari ya mtoto kufia ndani ya gari lililoegeshwa juani ikipita mtandaoni, maoni huwa ni yaleyale. "Mzazi gani anasahau mtoto?" "Angesahau simu yake? Thubutu!" "Huyo alijua anachofanya." Mamia ya watu wanaapa kwamba wao, hata wachoke vipi, hilo haliwezi kuwapata.

Leo nataka tuliangalie hilo swali vizuri, kwa sababu limefanya madhara kuliko linavyoonekana. Ukifuata historia ya kengele za kuzuia hivi vifo, kila hatua unalikuta limekaa mlangoni kama soja wa estate. Ujuzi ulikuwepo zaidi ya miaka 20 iliyopita. Kilichochelewa ni watu kukubali kwamba kengele yenyewe ni yao pia, si ya "wazazi wabaya" wa mtaa mwingine.

Lakini kwanza tumalizane na joto, maana sisi wa Nairobi tuna imani fulani kwamba mambo ya joto ni ya Garissa na Mombasa.

Mwaka 2005 jarida la kitabibu la Pediatrics lilichapisha utafiti wa madaktari wawili na mtaalamu wa hali ya hewa, Jan Null, huko California. Waliegesha gari juani siku tofauti tofauti, nje kukiwa kati ya nyuzi 22 na 36 za Selsiasi, wakapima ndani. Joto lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 ndani ya saa moja. Na asilimia 80 ya huko kupanda ilitokea nusu saa ya kwanza. Kufungua dirisha kidogo, ile mbinu ambayo kila mtu anaiamini, hakukubadilisha mambo.

Sasa piga hesabu yako. Nyuzi 24 ni siku ya kawaida kabisa Nairobi, siku ya kuvaa sweta asubuhi na kulitoa saa nne. Ongeza 22. Hiyo ni 46 ndani ya gari, na ukiwa kazini unaona tu siku nzuri. Mwili wa mtoto mdogo nao hupata joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wa mtu mzima, na ukishapita nyuzi 40 viungo vinaanza kushindwa kazi. Kwa hivyo hatuhitaji jua la Turkana. Linatosha hili hili letu la kila siku.

Tukiingia kwenye historia, tunaenda Marekani, kwa sababu huko ndiko vifo hivi vimehesabiwa kwa makini tangu 1998. Huyo huyo Jan Null ndiye ametunza hesabu. Wastani ni watoto 37 hivi kila mwaka. Mwaka 2018 na 2019, kila mmoja ulipita vifo 50.

Cha kushangaza ni kwamba tatizo lilikua kutokana na kitu kizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 90, magari ya Marekani yalianza kuwekwa mifuko ya hewa upande wa abiria wa mbele, ile inayofura ghafla gari likigonga. Ilikuwa imeundwa kumwokoa mtu mzima. Kwa mtoto mchanga aliyefungwa kwenye kiti chake pale mbele, ule mfuko ulifumuka kwa nguvu ya kuua, na watoto wakafa kwenye ajali ndogo ambazo hazingemdhuru mtu. Wataalamu wakapiga kampeni kubwa: watoto wote wahamie kiti cha nyuma, na wale wachanga viti vyao vitazame nyuma ya gari.

Ushauri ulikuwa sahihi. Vifo vya mifuko ya hewa vilishuka hadi karibu vikaisha. Lakini mtoto sasa alikuwa nyuma, amegeuzwa, amelala, kiti chake ukikiangalia kutoka mbele kinafanana kikiwa na mtoto na kikiwa kitupu. Vifo vya joto vikaanza kupanda. Hakuna aliyekosea hapo, na ndiyo maana mimi hiyo sehemu hainitoki akilini. Walifunga mlango mmoja, mwingine ukafunguka nyuma yao kimyakimya.

Zaidi ya nusu ya watoto wanaokufa hivi huwa wamesahauliwa. Karibu robo huingia garini wenyewe wakicheza, mlango unawashinda kufungua. Waliobaki wengi huachwa kwa kujua, na mtu aliyedhani anaenda dakika mbili.

Na hapo kwa kusahau ndipo penye kelele. David Diamond, profesa wa saikolojia kule University of South Florida, amechunguza hizi kesi kwa miaka mingi. Anavyoeleza ni kwamba ubongo una njia mbili zinazoshindana. Moja ni ya mazoea: inaendesha gari kutoka nyumbani hadi kazini bila wewe kufikiria. Nyingine ni ya mipango: "leo nikifika pale nikate kushoto nimpeleke mtoto." Ukiwa umechoka, hujalala, una mawazo, ile ya mazoea hushika usukani na ile ya mipango hunyamazishwa. Wewe mwenyewe umeshawahi kupanga kupitia dukani kununua tokeni za stima, ukajikuta uko kwa gate ya nyumbani na giza linakungoja. Ni ubongo ule ule. Haupimi kwanza kama kilichosahaulika ni tokeni au mtoto. Ubaya ni kwamba njia ya mazoea humaliza safari ikiwa na uhakika kwamba kila kitu kimefanyika, kwa hivyo mzazi anakaa ofisini siku nzima akiamini kabisa mtoto yuko kwa mlezi.

Kama umenielewa hadi hapo, hadithi ya NASA itakuuma.

Mwaka 2000, mfanyakazi wa kituo cha utafiti cha NASA cha Langley, jimbo la Virginia, alimsahau mtoto wake wa miezi tisa kwenye gari, pale pale kwenye maegesho ya kazini. Mtoto akafa. Hawa ni watu wanaopima mabawa ya ndege kwa mikromita. Wenzake watatu, wahandisi Chris Edwards, Terry Mack na Edward Modlin, hawakuenda kuuliza "mzazi gani anasahau mtoto". Walimjua. Walienda maabara.

Kufikia 2002 walikuwa na kifaa kinachofanya kazi. Kihisi cha uzito kinawekwa kwenye kiti cha mtoto. Kipande kingine kinaning'inia kwenye funguo za dereva. Dereva akiondoka na mtoto bado yuko kitini, funguo zinalia mara kumi. Asiporudi ndani ya dakika moja, zinalia bila kukoma, na huwezi kuzizima kwa kubonyeza kitu ukiwa mbali. Lazima urudi hadi kwa kiti. Tazama hapo kwa makini, maana tutarudi kwa hilo wazo: kengele inayokulazimisha kutembea.

Wakapata hakimiliki ya uvumbuzi. Wakatafuta kampuni ya kukitengeneza na kukiuza. Wakakosa.

Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, kampuni ziliogopa kesi. Kifaa chako kikifeli siku moja na mtoto afe, utashtakiwa hadi ufunge duka, lakini usipotengeneza kitu hakuna wa kukushtaki. Ya pili ndiyo ile ya soja wa mlangoni: wazazi hawangenunua. Kununua kengele ya kukukumbusha mtoto wako ni kukubali mbele ya muuzaji kwamba unaweza kumsahau. Mtu anayeamini haliwezi kumpata hatoi hata shilingi. Na kila mzazi ambaye lilimpata alikuwa anaamini hivyo asubuhi ile.

Kampuni kubwa nazo? General Motors mwaka 2001 walitangaza wana rada ndogo inayoweza kugundua mtoto kwa kupumua kwake tu, akiwa amelala kitini, na kwamba wangeanza kuiweka kwenye magari ya 2004. Mwaka 2004 ukaja, ukapita. Magari hayakuwa nayo.

Kwa miaka kumi iliyofuata uwanja ukaachiwa vifaa vidogo vya madukani: mito ya kuwekwa chini ya mtoto, vifungo vya mkanda vyenye redio. Mwaka 2012 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ikachapisha vipimo vilivyofanywa na hospitali ya watoto ya Philadelphia. Matokeo yalikuwa mabaya. Mtoto akijiinamisha upande, kifaa kinadhani ameondoka. Juisi ikimwagika, kimechanganyikiwa. Simu ikiwa karibu, mawimbi yanaingiliana. Na vyote vilimtaka mzazi akumbuke kukitega kila safari. Yaani kifaa cha kumsaidia mtu aliyesahau kilianza kwa kumtegemea akumbuke! Hapo mimi nakubaliana na waliokikataa.

Halafu ikaja lasagna.

Marlene Mendoza, mhandisi wa Nissan, alikuwa mjamzito. Siku moja aliacha sinia la lasagna kiti cha nyuma cha gari usiku kucha. Asubuhi gari linanuka. Akajiuliza kitu ambacho wengi wetu tunaogopa kujiuliza: je, ingekuwa mtoto? Akaungana na mwenzake, Elsa Foley, naye mama, wakabuni mfumo ambao haukuhitaji kihisi chochote kipya. Gari tayari linajua mlango upi umefunguliwa na lini. Ukifungua mlango wa nyuma kabla ya safari, na ukifika usiufungue tena, dashibodi inakuuliza. Ukiendelea kwenda zako, honi inapiga. Ulianza na Nissan Pathfinder ya 2018. GM walikuwa wametangulia kidogo na wazo kama hilo kwenye GMC Acadia ya 2017, lakini ya kwao ilikuwa mlio mara tano na ujumbe kwenye dashibodi, basi.

Napenda hiyo hadithi kwa sababu ya mahali wazo lilipotoka. Aliyefungua mlango ni mtu aliyejitazama akasema "mimi naweza", na akaanzia kwa sinia la chakula. Zaidi ya hayo, ile aibu ya kununua ikaondoka. Mfumo umo ndani ya gari kama mkanda, hakuna anayekuuliza ulikuwa unaogopa nini.

Lakini kengele ya mlango haijui kama kuna mtoto. Inajua mlango tu. Ukiweka begi la jimu nyuma, inalia. Ukiweka mboga, inalia. Baada ya wiki mbili, masikio yako yameshaizoea, kama vile mataa ya matatu usivyoyaona tena. Na ile robo ya watoto wanaoingia wenyewe garini likiwa limeegeshwa? Kwao haisemi chochote, kwa sababu hakuna safari iliyoanza.

Ndiyo maana mambo yamerudi kwa rada, ile ile iliyotangazwa 2001. Safari hii ni ya mawimbi ya gigahezi 60, inayoona kifua kikipanda na kushuka hata chini ya blanketi. Mwaka 2021 tume ya mawasiliano ya Marekani ilianza kuruhusu kampuni kadhaa, Tesla wakiwemo, kuitumia ndani ya magari. Kule Ulaya, Euro NCAP, wale wanaoyapa magari nyota za usalama, walianza kutoa alama kwa mifumo ya kugundua mtoto mwaka 2023, na kuanzia 2025 alama zinakwenda kwa ile inayomgundua mtoto mwenyewe, si mlango. Nyota zinauza magari, kwa hivyo kampuni zinasikia hiyo lugha haraka.

Sheria zenyewe zimetembea kila moja na mwendo wake. Italia ilipitisha yake 2018, na tangu Novemba 2019 huwezi kubeba mtoto wa chini ya miaka minne bila kifaa cha kukukumbusha. Serikali ikatoa euro 30 kwa kila mtoto kusaidia kununua. Marekani, bunge liliagiza Novemba 2021 kwamba kanuni ya kengele kwenye magari mapya itolewe ndani ya miaka miwili. Miaka miwili ikaisha bila kanuni. Kilichopo ni ahadi ya hiari ambayo watengenezaji walitoa 2019, na kengele nyingi chini ya hiyo ahadi ni zile za mlango.

Sasa wacha nikupeleke Asia, kwa sababu huko ndiko kuna kitu kinachotuhusu sisi moja kwa moja.

Julai 2018, mji wa Dongducheon, Korea Kusini. Mtoto wa miaka minne aliachwa ndani ya van ya kituo cha kulelea watoto karibu saa saba, siku ya joto kali. Nchi nzima ilichemka. Serikali haikungoja rada wala akili bandia. Ilichukua wazo rahisi ambalo mabasi ya shule ya Amerika ya Kaskazini yalikuwa yakilitumia tayari: kitufe kinawekwa mwisho kabisa wa gari. Dereva akizima injini, ana dakika tatu za kutembea hadi nyuma na kukibonyeza. Asipofanya hivyo, gari linapiga kelele na kuwasha taa nje. Kufikia Aprili 2019 ilikuwa lazima kwa magari yote ya kubeba watoto.

Japani ilifuata kwa uchungu ule ule. Septemba 2022, Makinohara, mkoa wa Shizuoka, mtoto wa miaka mitatu aliachwa kwenye basi la chekechea saa tano hivi. Chupa yake ya maji ilikutwa tupu. Kuanzia Aprili 2023, mabasi ya chekechea na vituo vya malezi yakalazimika kuwa na kifaa, kiwe kitufe cha nyuma au kihisi, serikali ikisaidia gharama.

Mimi kwa maoni yangu, hicho kitufe ndicho kengele bora kuliko zote nilizozitaja. Rada inajaribu kumwona mtoto kwa niaba yako. Kitufe kinakutoa wewe kitini, kinakupitisha katikati ya viti, na njiani macho yako yanaona aliyelala. Ni wazo la wale watatu wa NASA, likirudi kwa bei ya waya. Na hakimwulizi dereva kama yeye ni mtu wa kusahau. Kinalia kila siku, kwa kila dereva, mzuri na mbaya.

Sasa fikiria van zetu za shule. Watoto wanachukuliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa sababu ya jam, nusu yao wamelala kabla hata hamjafika barabara kuu. Wale wadogo wanateleza hadi chini ya kiti cha mwisho na bagi zao. Dereva akishashusha, anaegesha kwenye uwanja usio na mti hadi mchana. Nyingi ni Hiace na Caravan zilizotoka Japani zikiwa zimetumika. Sheria yetu inaruhusu gari lisilozidi miaka minane, kwa hivyo tunachopata leo ni usalama wa miaka saba, minane iliyopita. Tukingoja rada itufikie kwa meli, tutangoja sana.

Kitufe hakihitaji meli. Ni swichi, waya, kipima muda, na honi ya gari lenyewe. Mweleze fundi yeyote wa umeme wa magari pale Grogan: injini ikizimwa hesabu dakika tatu, swichi ya nyuma isipobonyezwa piga honi. Atakuuliza tu unataka waya upite wapi. Ila kuna mitego. Kikiwekwa mahali dereva anaweza kukifikia kupitia dirisha la nyuma, atakibonyeza kutoka nje. Akiweza kumtuma mtoto akibonyeze, atamtuma. Na waya ukiwa wazi, siku ya tatu utakuwa umekatwa kwa sababu "unasumbua". Kwa hivyo waya ufichwe, na kitufe kikae ndani, safu ya mwisho, chini kidogo, mahali ambapo huwezi kukigusa bila kuinama. Ukiinama unaona chini ya kiti.

Na kuna jambo moja la bure kabisa. Baada ya vile vifo vya Japani, baadhi ya chekechea zilianza kuwafundisha watoto kupiga honi. Mikono ya mtoto wa miaka mitatu haina nguvu ya kutosha kubonyeza usukani, kwa hivyo walifundishwa kuukalia: panda kiti cha dereva, geuka, sukuma honi kwa makalio. Magari mengi honi inapiga hata injini ikiwa imezimwa. Kama una mdogo wako nyumbani, au binamu, jaribu kwanza kama ya gari lenu inapiga bila funguo. Kisha mpandishe kiti cha dereva umwonyeshe, naye apige mpaka majirani walalamike.